Pampu ya mafuta kwenye gari la kabureta: itengenezwe ilipo au ihamishiwe nyuma?

Wenye magari ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, hapa Mombasa wana malalamiko yanayofanana. Asubuhi gari linawaka mara moja na linakwenda mjini bila taabu. Adhuhuri likifika foleni ya Likoni na kuzimwa kusubiri feri, haliwaki tena. Stata inazunguka, betri inachoka, wa nyuma wanapiga honi, na mwisho vijana wanalisukuma kando. Likikaa nusu saa, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fundi wa kwanza anasema pampu imechoka. Wa pili anasema dawa ni kuing'oa hiyo ya injini na kufunga ya umeme huko nyuma, karibu na tangi.

Huyo wa pili huenda akawa amesema kweli. Lakini nimeona magari mengi mno yaliyofungwa pampu ya umeme na bado yakazima pale pale foleni. Mengine, na haya ndiyo yanayonitia hofu, yamefungwa pampu hiyo bila kinga hata moja, kiasi kwamba yakigongwa leo petroli itaendelea kumwagwa juu ya injini ya moto mpaka mtu akumbuke kuzima ufunguo. Kuhamisha pampu kunatibu tatizo moja tu kati ya mengi yanayoonekana sawa kwa nje. Kabla mtu hajakata bomba, alijue hilo moja.

Pampu ya injini inavyofanya kazi

Kwenye Peugeot 504, ambazo zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye Toyota DX, kwenye Datsun za zamani na nyingi za rika hilo, pampu imefungwa kwa boliti mbili ubavuni mwa injini. Mkono wake unaingia ndani na kuguswa na kemshafti, ule mhimili unaozunguka na injini na kufungua valvu zake. Kila kemshafti ikizunguka, mkono unavuta diaframu, yaani mpira mwembamba uliobanwa katikati ya vipande viwili vya pampu. Diaframu ikishuka, valvu ya kuingizia inafunguka na mafuta yanakuja kutoka tangini. Kemshafti ikiuachia mkono, springi inairudisha diaframu juu, valvu ya kutolea inafunguka, na mafuta yanakwenda kwenye kabureta. Bakuli la kabureta likijaa, boya linapanda na sindano inaziba njia. Hapo diaframu inabaki chini na mkono unacheza bure mpaka injini itumie kidogo.

Presha yote inatoka kwenye ile springi, na ni ndogo, mara nyingi kati ya psi 3 na 5 (psi ni kipimo cha presha). Kabureta haitaki zaidi ya hapo. Hata kiasi cha mafuta ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100, likienda mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linatumia mililita 170 hivi kwa dakika. Naipenda pampu hii kwa dhati. Haina waya, inajipimia yenyewe, na injini ikisimama kwa sababu yoyote, nayo inasimama. Hili la mwisho nitalirudia, maana ndilo linalopotea siku pampu inapohamishwa.

Udhaifu wake ni mahali ilipo. Tangi liko nyuma, pampu iko mbele, na katikati kuna bomba la mita kadhaa. Ndani ya bomba hilo pampu haisukumi kitu, inavuta tu, kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa, anapata hewa badala ya maji, na wala ufa hautoi hata tone nje. Ndivyo ilivyo kwa mpira wa mafuta uliopasuka upande wa kuvutia: unatazama chini ya gari, pakavu kabisa, kumbe pampu inavuta hewa.

Kuvuta pia kunashusha presha ndani ya bomba, na kitu chochote cha majimaji kikishushiwa presha huchemka mapema. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 au 40, na zile nzito kabisa hungoja mpaka karibu 200. Mwezi wa Februari na Machi Mombasa inafika nyuzi 32 au 33 kivulini. Chini ya boneti, ambako maji ya radieta yenyewe yako kwenye 80 na zaidi, petroli inayovutwa kupitia pampu iliyogandana na chuma cha injini haina pa kukimbilia. Inatoa mvuke. Diaframu ikibana, mvuke unasinyaa. Ikiachia, mvuke unatanuka. Valvu hazifunguki sawasawa, na mafuta hayaendi kokote ingawa pampu ni nzima kabisa.

Kwa nini iwe foleni ya feri na isiwe barabara ya Bamburi? Gari likitembea, feni inapuliza, maji yanazunguka, na petroli mpya ya kutoka tangini inaipooza pampu kila dakika. Likizimwa, vyote vinakoma kwa pamoja huku chuma cha injini kikiwa bado na joto lake. Joto hilo linaenea kwenye pampu na kabureta, na kwa dakika kumi hadi ishirini za mwanzo sehemu hizo huwa za moto kuliko wakati wa kutembea. Foleni ya Likoni, au kuingia sokoni Kongowea mara moja kununua mboga, ni muda huo huo hasa.

Safari ya bara inaongeza jingine. Ukishapita Mazeras na Mariakani unapanda, na kadiri unavyopanda hewa inapungua nguvu. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Hewa hiyo ndiyo inayoyasukuma mafuta kutoka tangini kuifuata pampu, na ndiyo inayoyazuia yasichemke. Kwa hiyo gari lililokuwa likijikongoja huku chini, likifika kati ya Taru na Voi na jua la saa nane na mzigo kwenye keria, ndipo linapokata tamaa.

Matatizo yanayofanana na hili

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uchunguzi ufanywe gari likiwa limekataa, papo hapo, si kesho yake asubuhi kwa fundi likiwa limepoa. Anza na moto wa plagi kabla hujafungua kitu chochote cha mafuta. Chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya akiba mwishoni, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, ushikilie kwa kitu kisichopitisha umeme, mtu azungushe stata. Cheche iwe ya buluu na yenye nguvu. Ikiwa ni ya njano iliyofifia, au haipo, tatizo lako ni koili, inayozalisha umeme wa cheche, au kondensa ya ndani ya distribyuta, kile chombo kinachogawa umeme huo kwa plagi. Vyote viwili vina tabia ya kufa vikipata joto na kufufuka vikipoa, sawasawa na dalili za mafuta. Kondensa ni kitu cha bei ndogo sana, na nimeshuhudia watu wakibadilisha pampu mbili kwa sababu yake.

Moto ukiwa mzuri, rudisha waya, kisha toa kifuniko cha chujio la hewa na utazame kooni mwa kabureta. Ufunguo uwe umezimwa, sigara isiwe karibu. Sukuma mkono wa aksileta kwa kidole. Petroli ikiruka kwa nguvu ndani ya koo, bakuli lina mafuta na pampu haina kosa. Ukikuta koo limelowa na harufu kali inakupanda puani, basi petroli imechemka ndani ya kabureta yenyewe, ikafurika na kumwagikia chini. Gari la namna hiyo huwashwa kwa kukanyaga aksileta mpaka mwisho, bila kupigapiga, na kuzungusha stata mpaka mafuta ya ziada yatoke. Kulihamishia pampu nyuma hakutalisaidia. Linalotaka ni kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, kile cheusi cha plastiki ngumu ambacho mafundi wengi hukitupa wakifungua na kurudisha gasketi ya karatasi peke yake, pamoja na bati la kukinga joto la ekzosi.

Ikiwa moto upo na koo ni kavu, hapo ndipo tunazungumza habari ya pampu na bomba. Hata hivyo bado. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa kishindo, na gari likawaka baada ya muda mfupi, tangi lilikuwa halipumui. Kifuniko cha asili kina njia ndogo ya hewa. Kikipotea, watu hununua chochote kinachoingia, na magari mengine yalitengenezwa na vifuniko visivyo na njia hiyo kwa sababu yana bomba jingine la kupumulia. Ukikifunga hicho kwenye gari lisilo na bomba, pampu inavuta mafuta mpaka tangi lote linakuwa na upungufu wa hewa, kisha linakata.

Mipira nayo iangaliwe, hasa kile kipande kifupi juu ya tangi ambacho hakionekani mpaka ulale chini. Ile mipira myeupe inayopenya mwanga inayouzwa kwa mita, ya kupitishia maji, haifai. Petroli na joto huifanya ngumu, ikapoteza mshiko kwenye klipu na kuanza kuvuta hewa. Mpira wa petroli umeandikwa ubavuni. Kwa gari la kabureta tafuta ulioandikwa SAE J30R6 au R7, na ukipata R9, uliotengenezwa kwa injini za injekta, zile zinazopuliziwa petroli kwa presha kubwa bila kabureta, ni bora zaidi.

Na tangi. Wengi wetu tunaweka mafuta ya mia tano leo na ya mia tano kesho, tangi halijai mwaka mzima. Nafasi iliyobaki inajaa hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi, na usiku ikipoa inaacha matone kwenye kuta za chuma. Kutu inaanzia juu, inadondoka chini, inakwenda kuziba kile kichujio cha mwisho wa bomba. Kichujio kikiziba nusu, pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, presha inashuka zaidi, na petroli inachemka mapema zaidi. Hivyo tangi chafu linaweza kuleta dalili zote za joto. Ukifunga pampu mpya ya umeme mbele ya tangi hilo, kutu ile ile itaiua ndani ya muda mfupi.

Kuitengeneza pampu iliyopo

Kama yote hayo yako sawa, ijaribu pampu. Chomoa waya mwembamba wa koili ili pasiwe na cheche, toa mpira unaokwenda kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, na mtu azungushe stata. Mafuta yaje kwa mapigo yenye nguvu. Yakija na mapovu mfululizo, kuna hewa inaingia mahali. Yakitiririka kwa unyonge, tazama tundu dogo lililo chini ya pampu: likitoa petroli, diaframu imepasuka. Nusa pia dipstiki. Oili inayonuka petroli, au iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa, maana yake petroli inapita kwenye diaframu na kushukia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Gari hilo lisiwashwe tena mpaka oili imwagwe, kwa sababu oili iliyochujuka namna hiyo hailindi beringi za krenki.

Pampu za zamani zilizofungwa kwa skrubu hutengenezeka. Kabla ya kufungua, piga mstari kwa msumari ubavuni ili vipande virudi vilivyokuwa. Diaframu mpya iwe ya kukinza petroli, si mpira wa tairi uliokatwa kwa mkasi. Valvu zioshwe na zijaribiwe kwa kidole kuona kama zinashika. Uso wa pampu upitishwe kwenye msasa laini uliowekwa juu ya kioo, kwa sababu miaka ya kukazwa huupinda. Wakati wa kufunga, ingiza skrubu zote kwa mkono, bonyeza mkono wa pampu mpaka mwisho, ndipo ukaze. Ukikaza diaframu ikiwa haijavutika, itachanika siku za mwanzo. Na kile kipande kinene kati ya pampu na injini kirudishwe kwa unene ule ule. Kazi yake ni kuzuia joto, na pia ndicho kinachoamua mkono uingie ndani kiasi gani.

Kwa gari linalozunguka mjini tu, pampu iliyotengenezwa vizuri, mipira mipya na tangi safi mara nyingi vinatosha, na mimi ningeishia hapo. Ile pampu iliyobanwa kwa kukunjwa kingo haitengenezeki, na ikiwa spea yake halisi haipatikani tena, au gari linakwenda bara mara kwa mara na kuchemsha mafuta ingawa kila kitu ni kizima, basi kuhamisha kuna sababu.

Kuihamisha

Lengo ni kubadilisha kuvuta kuwe kusukuma. Pampu ya umeme ikikaa karibu na tangi, bomba lote refu linakuwa na presha badala ya upungufu, na petroli yenye presha inachelewa kuchemka. Kwa hiyo mahali ni jambo la kwanza. Iwe chini, usawa wa chini ya tangi au karibu na hapo, kwa sababu pampu nyingi za umeme zinasukuma vizuri lakini kuvuta haziwezi. Ukiifunga ya umeme chini ya boneti karibu na pampu ya zamani, umelipa pesa na udhaifu umebaki pale pale. Iwe mbali na ekzosi, isiwe ndani ya buti wala ndani ya gari, isiwe kwenye njia ya matope ya tairi, na isiwe kona ya nyuma ambayo itabondwa gari likigongwa. Ubavuni mwa chesisi, mbele kidogo ya tangi, huwa mahali pazuri. Iwekwe juu ya vipande vya mpira, la sivyo mlio wake utausikia sebuleni kwako.

Aina ya pampu ndiyo inayoharibu kazi nyingi za hapa. Kwa mafundi wa skrepu zimejaa pampu zilizotolewa kwenye Probox na Vitz, na bei yake inavutia. Zile ni za injekta. Zinatoa psi 40 na zaidi, na zimeumbwa kukaa zimezama ndani ya petroli ili zipoe. Nje ya tangi zinaungua, na kabla hazijaungua presha yake inaishinda sindano ya kabureta, bakuli linafurika, na petroli inamwagikia kwenye manifoldi ya moto. Nunua pampu iliyoandikwa ni ya kabureta, psi 2 hadi 4, yenye uwezo wa nusu lita au zaidi kwa dakika kwa injini ya lita mbili kushuka chini. Baada ya kufunga, ipime kwa geji kwenye kabureta. Ikizidi, weka kipunguza presha.

Kabla ya pampu weka chujio la matundu makubwa, la kuzuia kutu bila kuibana pampu. Lile laini liende baada ya pampu. Bomba la chuma lililoko likaguliwe kila linaposhikwa na klipu, ndiko chumvi hujificha. Likiwa na vidonda, lisizibwe kwa mpira, libadilishwe. Miisho ya bomba iwe na uvimbe mdogo wa kushikia mpira. Sasa kuna presha ndani, na mpira uliovalishwa kwenye bomba laini utachomoka.

Toyota nyingi za zamani zina pampu ya mipira mitatu: wa kuingia, wa kwenda kabureta, na wa kurudisha mafuta tangini. Pampu ikiondolewa, huo wa tatu unabaki yatima na fundi mvivu anauziba kwa boliti. Usikubali. Weka kiungo cha njia tatu karibu na kabureta, na kwenye njia ya kurudi weka kizuizi chenye tundu la milimita moja na nusu hivi. Petroli itazunguka muda wote, ikija ya baridi kutoka nyuma na kuondoka na mvuke wowote. Kwa joto letu, njia hiyo ya kurudi inasaidia karibu sawa na pampu yenyewe, na hata gari ambalo halikuwa nayo ningeliwekea.

Pampu ya zamani iondolewe kabisa. Ukiiacha katikati ya njia kama kipitisho, diaframu ikipasuka ile ya umeme itaijaza sampu petroli bila wewe kujua. Tundu lake lizibwe kwa kibati cha milimita tatu hadi tano na gasketi mpya. Angalia urefu wa boliti: pampu ilikuwa nene, kibati ni chembamba, boliti zile zile zinagonga mwisho kabla ya kukaza na oili inavuja. Injini nyingine zina kijiti kati ya kemshafti na pampu. Kitoe.

Umeme, na kinga ambazo hazipaswi kukosekana

Hapa ndipo watu wanaporuka majivu wakakanyaga moto. Kazi ya kawaida utakayoiona mtaani ni waya mmoja kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye pampu. Inafanya kazi. Lakini pampu ya zamani ilikuwa inajua injini imesimama, na hii haijui. Gari likipinduka au mpira ukikatika kwenye ajali, ufunguo ukiwa wazi, itaendelea kusukuma.

Waya wa nguvu utoke kwenye betri, upite fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye maelezo ya pampu, mara nyingi 5 hadi 10, ifungwe karibu na betri. Uingie kwenye rilei, swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo na kupitisha mkubwa, mguu wa 30, utoke 87 kwenda kwenye pampu. Miguu 85 na 86 ni ya kuamsha rilei, mmoja kwenye ufunguo na mwingine kwenye ethi, yaani chuma cha bodi kilichounganishwa na ncha hasi ya betri. Hivyo mkondo wa pampu haupiti kwenye ufunguo wa zamani, ambao tayari umechoka.

Kinga ya kwanza ni swichi inayokata gari likigongwa. Ndani yake kuna gololi ya chuma iliyoshikwa na sumaku. Kishindo kikubwa kinaitoa, inapiga kibati na kukata umeme. Juu ina kitufe cha kurudishia. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 80 na 90 yenye injekta yalikuja nayo, kwa hiyo inapatikana kwenye skrepu. Ifungwe wima, imara, kwenye bodi, na waya wa rilei upite humo.

Kinga ya pili ni rilei inayosikiliza mapigo ya koili. Injini ikisimama mapigo yanakoma, na baada ya sekunde moja au mbili rilei inakata pampu yenyewe. Volkswagen za zamani za injekta zilikuwa nazo. Njia nyingine ni swichi ya presha ya oili, ila tahadhari: ile ya taa nyekundu ya oili hufanya kinyume. Hupitisha umeme wakati presha haipo na kuukata ikipatikana. Ukiiunganisha moja kwa moja, pampu itazunguka injini ikiwa imezimwa na kusimama injini ikiwaka. Inatakiwa swichi ya njia mbili, pamoja na waya wa kutoka kwenye stata ili pampu ipate umeme wakati wa kuwasha, kabla oili haijapanda. Mimi ningechagua rilei ya mapigo. Na nikiambiwa hakuna pesa ya kinga zote mbili, ningeiacha pampu ya injini mahali pake mpaka zipatikane.

Ethi nayo ni habari ya pwani. Boliti iliyofungwa juu ya rangi na kutu huanza vizuri, na baada ya masika mawili pampu inapata volti tisa badala ya kumi na mbili. Kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Pima kwa mita kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Tofauti na betri isizidi nusu volti.

Kuhusu usalama wa kazi yenyewe: toa ncha hasi ya betri kwanza, fanyia nje penye upepo, kamwe si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa humo ukingojea cheche. Mtungi wa poda uwe umbali wa mkono. Na tafadhali, ile tabia ya kuvuta petroli kwa mdomo kwenye mpira iachwe. Tone moja likiteleza kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitali. Akiimeza, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali. Pampu ndogo ya mkono ni bei ya chakula cha mchana.

Siku ya kwanza

Pampu nyingi za kabureta zinagonga. Ukiwasha ufunguo, kwa zile zisizo na rilei ya mapigo, utasikia tik-tik-tik ya haraka, kisha inapungua kasi kadiri bakuli linavyojaa, mpaka inakuwa ya mbalimbali au inanyamaza. Ikiendelea kwa kasi bila kupungua, inavuta hewa au mafuta yanamwagika mahali, ila kama umeweka njia ya kurudi ni kawaida iendelee kugonga kidogo muda wote. Zungukia kila kiungo kwa karatasi kavu na mwanga wa mchana. Kisha lipeleke gari palipokuwa panalishinda: litembeze mpaka lipate moto kamili, lizime robo saa juani, ulijaribu.

Baada ya tangi la kwanza fungua lile chujio la nyuma, umimine kilichomo kwenye kitambaa cheupe. Ukiona unga wa kahawia, tangi halikusafishwa vya kutosha. Klipu zikazwe tena, mpira mpya hulegea kidogo ukishakaa. Na kila anayeendesha gari hilo, awe jamaa au dereva, aonyeshwe ile swichi ya mgongano iko wapi na kitufe chake kinabonyezwa vipi. Shimo moja kubwa barabarani linatosha kuikata, na gari litasimama likiwa halina ubovu wowote.